Basi Liliishia Relini

Januari ya sitini na mbili basi la shule liliagizwa
lichukue na watoto wa Ngamiani.
Likaja hadi relini, likageuza.
Dereva alisema barabara zetu zina mchanga.
Zilikuwa nao kweli. Mchanga huo huo
malori ya mkonge yalipita kila siku.

Tulikuwa wanne kutoka barabara ya kumi na nne:
mimi, Shekiondo, Mwanamkuu, na mdogo wake Rehani
aliyevaa viatu vya kaka yake, vidoleni kumejazwa magazeti.
Tukavuka reli kwa miguu, tukapanda.
Viti vilivyobaki vilikuwa vimekaliwa na mikoba.
Mikoba, Kirtida. Si watu.
Nilisimama hadi shuleni
nikiutazama mkoba wako ulivyokaa.

Baba aliijua shule hiyo kabla yangu.
Miaka saba alizipiga pasi kola zake
kwenye ukumbi wa nyuma wa nyumba yenu,
akipuliza makaa, akinyunyiza maji kwa mdomo.
"Kirtida anaandika kwa kushoto," alimwambia mama,
ameliona doa la wino,
kama mtu anayeleta habari za mpwa wake.
Usiku wa kuamkia kufungua shule alipiga sare mbili.
Yako aliitundika kwanza.
Yangu aliirudia mara tatu
mpaka mama akasema, basi, utaiunguza.

Bi Daruwala akafungua daftari la mahudhurio.
"Semeni," akaita.
Darasa likacheka kabla sijaitika.
Mvulana wa nyuma akauliza, "Tuseme nini?"
Nilipozaliwa majirani walikuwa na mengi juu ya mama;
bibi akawajibu kwa jina langu:
haya, semeni, mchoke.
Hilo sikulieleza. Nilijibu nipo,
kwa Kiingereza nilichofundishwa asubuhi ile.

Tukawekwa dawati moja.
Kiswahili chako kilikuwa cha amri tupu:
lete, ondoa, fagia, upesi.
Ulitaka kuazima rula, ukasema "lete",
na mkono wangu, Mungu anisamehe, ukaleta.
Siku ya pili nilikunyima. Na ya tatu.
Siku ya nne nikakuambia, kuna neno linaitwa naomba.
Ukalitamka umekunja uso, kama anayemeza kwinini,
kisha ukacheka, pengo likaonekana.
Nawe ukanifundisha kuhesabu Kigujarati mpaka kumi.
Nimebaki na sita.

Kutembeleana hatukutembeleana, nisidanganye.
Kwenu niliingia mara moja, kwa mlango wa nyuma,
nimempelekea baba chakula.
Ulikuwa mezani. Ulinyanyua mkono,
ukaushushia njiani.
Kesho yake tuligawana rula, hatukulitaja.

Mwaka wa Azimio madawati yakaanza kubaki matupu.
Farhad, Nalini, kisha wewe,
bila kuaga, au uliaga nikiwa nimetumwa chaki.
Nilipomaliza, darasa zima lilikuwa la rangi moja tena,
safari hii yetu.
Watu walipiga makofi.
Mimi nilitafuta wa kumnyima rula.

Bado nakaa barabara ile ile.
Alfajiri basi la njano la shule ya kulipia
linavuka reli, mchanga haulisumbui.
Linasimama kwa mwenye duka la saruji,
halisimami tena mpaka kwenye nyumba ya ghorofa.
Weusi walio ndani, weusi walio nje,
kioo katikati.
Mjukuu wangu anapita kando yake kwa miguu, kola imenyooka.
Nampigia mwenyewe, kwa pasi ya umeme,
lakini maji nayanyunyiza kwa mdomo.
Jana akauliza, bibi, mbona kwetu linapitiliza?
Mimi Semeni, nikakosa la kusema.
Nikatoka barazani, nikazihesabu nyumba linazoziruka:
ek, be, tran,
char, panch,
chha.